Baiskeli ya kwendea kazini inakuumiza? Tafuta kosa kabla ya kutoa pesa

Anayepanda baiskeli mara moja kwa wiki anaweza kuvumilia kipimo kibaya. Anayekwenda nayo kazini asubuhi na kurudi nayo jioni hawezi. Kasoro ndogo ya kiti au usukani hujirudia maelfu ya mara kwa siku kwenye goti lilelile na kiganja kilekile, mpaka mwenye baiskeli anaamua kwamba baiskeli si chombo chake na kuiacha ishike kutu. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi dawa ilikuwa kupandisha kiti sentimita tatu.

Mwongozo huu unaanzia kwenye maumivu na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Unamfaa aliyekwisha kununua, na unamfaa zaidi anayetafuta baiskeli kwa pesa kidogo, hasa ya mtumba, kwa sababu kila dalili hapa ina kitu ambacho angeweza kukiangalia kabla ya kulipa. Mgawanyo mmoja uukumbuke muda wote. Vipo vitu unavyovirekebisha bure kwa spana: urefu wa kiti, kukisogeza mbele au nyuma, mwinamo wake, pembe ya usukani na ya mikono ya breki. Vipo vinavyobadilishwa kwa gharama ndogo: kiti chenyewe, nguzo yake, na shingo inayoshika usukani. Na ipo fremu, ambayo haibadiliki. Mwenye bajeti finyu aitumie pesa yake kwenye fremu inayomtosha, hata kama rangi imechubuka na gia ni chache.

Kwanza jua mguu wako

Simama bila viatu, mgongo ukutani, miguu ikiachana kidogo. Pachika kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukingo wake mmoja ukigusa ukuta, kivute juu hadi kikandamize msamba kama kiti kinavyokandamiza. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ndilo umbali wa kuanzia kati ya kitovu cha kranki (mkono wa chuma unaoshika pedali) na uso wa kiti, ukipima kwa kufuata bomba la fremu linaloshika kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata karibu 70.6.

Kama huna futi, tumia kisigino. Egemea ukuta ukiwa umekaa kitini, zungusha pedali kinyumenyume, uweke kisigino juu ya pedali inapofika chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Njia zote mbili zinakupa mahali pa kuanzia tu, maana soli nene au kranki fupi husogeza jibu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka alama kwa utepe mahali kilipokuwa, sogeza milimita 5 hivi, panda siku chache, ndipo uamue. Anayegusa kiti na usukani jioni moja hatajua ni kipi kilichomponya au kilichomzidishia.

Goti linauma kwa mbele, kuzunguka kilegesambwa

Kwa watu wa mjini mshukiwa wa kwanza ni kiti kilicho chini mno. Pedali inapofika juu, goti huwa limekunjwa kupita kiasi, na kila unaposukuma, kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti, hubanwa juu ya mfupa wa paja. Wengi hawakishushi kiti kwa kutojua. Wanakishusha kwa hofu: wanataka wakisimama kwenye taa za barabarani nyayo zote mbili zifike chini wakiwa bado wamekaa. Kwenye baiskeli ya kawaida hilo haliendi pamoja na goti salama. Pedali iliyo chini kabisa huwa bado kama sentimita 10 juu ya ardhi. Kama mguu unakaribia kunyooka juu ya pedali, utafikaje ardhini bila wewe kutoka kitini?

Kwa hiyo dawa ya goti hili ni kujifunza kusimama, na haigharimu chochote. Unapokaribia kusimama, punguza mwendo kwa breki, weka uzito kwenye mguu ulio kwenye pedali ya chini, teremka mbele ya kiti, kisha tua kwa mguu wa pili. Kuondoka ni kinyume chake: pedali moja iwe juu kwa mbele, ikanyage kwa uzito wako, na msukumo huohuo ukupandishe hadi kitini. Fanya mazoezi mahali patupu mpaka mwili ushike. Ukishamudu hivyo, huna tena sababu ya kukishusha kiti. Ila angalia: kama ukishuka mbele ya kiti bomba la juu la fremu linakugusa msamba, basi fremu ni ndefu kuliko miguu yako, na hapo tatizo limeshahama kutoka kwenye spana kwenda kwenye ununuzi.

Kiti kikiwa na urefu sahihi na goti bado linauma mbele, huenda kimesogea mbele mno. Kaa ukiwa umeegemea ukuta, kranki zikiwa zimelala sambamba na ardhi. Chukua uzi wenye nati mwishoni kama timazi, uuning'inize kutoka chini kidogo ya kilegesambwa cha mguu wa mbele. Uzi upite karibu na ekseli ya pedali. Ukiangukia mbele sana ya ekseli, legeza boliti iliyo chini ya kiti na ukirudishe nyuma juu ya reli zake. Mafundi wanabishana juu ya kipimo hiki, na hoja za wanaokipinga zina nguvu, lakini kwa anayeanza kutafuta bila kifaa chochote ni msaada mzuri.

Baada ya hapo iangalie gia. Hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15 barabarani. Likipanda chini ya mara 15, unasukuma gia nzito mno. Shuka gia na uache miguu izunguke kwa wepesi.

Goti linauma kwa nyuma, au nyonga zinacheza

Hapa mara nyingi mambo ni kinyume: kiti kiko juu mno au kimerudi nyuma mno, na mguu unalazimika kujinyoosha kuifuata pedali. Mwenzako akutazame kwa nyuma unapopanda. Kiuno kikiinama kushoto na kulia kwa kila mzunguko, shusha kiti milimita 5 na utazamwe tena. Kumbuka kwamba bomba linaloshika kiti limelala kwa nyuma, kwa hiyo kila sentimita 3 unazopandisha kiti hukipeleka nyuma kwa karibu sentimita 1.

Maumivu ya ubavuni mwa goti ni habari nyingine. Kwenye baiskeli ya mtumba, kabla hujaulaumu mguu wako, izungushe pedali kwa kidole ukiitazama kwa nyuma. Ekseli iliyopinda kwa kuanguka huifanya pedali iyumbe, na pedali inayoyumba hulipinda goti kila mzunguko. Pedali mpya ni rahisi kubadilisha, ila ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na nati za kawaida. Kranki iliyopinda ni gharama zaidi. Iingize kwenye hesabu kabla hamjapatana bei.

Viganja vinakufa ganzi, mabega yanakaza, shingo inauma

Malalamiko haya matatu yana mzizi mmoja: uzito mwingi umehamia mikononi. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na cha pete hupita kwenye kiganja upande huohuo, na usukani ukiikandamiza kwa muda mrefu vidole hivyo ndivyo vinavyoanza kuwasha na kufa ganzi. Watu hukimbilia glavu za kitambaa kinene. Glavu husaidia kidogo, lakini uzito unabaki palepale.

Anzia kwenye kiti, ingawa maumivu yako mikononi. Weka pimamaji, au ubao mnyoofu, juu ya kiti. Kama pua ya kiti imeinama chini, unateleza mbele polepole bila kujua na kujizuia kwa mikono siku nzima. Kilaze kiti sawa na ardhi. Kisha kaa juu ya baiskeli iliyosimama, mwenzako akiwa ameishika, uegemee kama unavyopanda, halafu nyanyua viganja kidogo kutoka kwenye usukani. Ukianguka mbele mara moja, mikono ndiyo inayokubeba. Mara nyingi kusogeza kiti nyuma kidogo hupunguza mzigo huo, kwa kuwa makalio yanarudi nyuma na kiwiliwili kinapata mizani. Jambo hili huwashangaza watu, maana kiti kinakwenda mbali na usukani na mikono inapata nafuu. Sharti goti libaki salama kwenye timazi.

Kama hiyo haikutosha, usukani uko chini mno au mbali mno. Kwenye baiskeli za mtindo wa zamani shingo ya usukani inaingia ndani ya fremu na ina boliti moja juu. Legeza boliti hiyo mizunguko michache, weka kipande cha mbao juu yake na ugonge kidogo kwa nyundo. Kabari ya ndani italegea na shingo itapanda. Usivuke mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba lake, kwani shingo iliyobaki na kipande kifupi ndani inaweza kuchomoka ukiwa njiani. Kwenye mtindo mpya shingo imeng'ang'ania bomba la foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) kwa boliti za ubavuni, na urefu unapatikana kwa pete zilizo juu au chini yake. Hamisha pete za juu ziende chini, au igeuze shingo yenyewe itazame juu. Ukirudisha, kaza kwanza boliti ya juu kiasi cha kuondoa ulegevu tu, ndipo ukaze za ubavuni. Pete zikiwa zimekwisha na foki imekatwa fupi, huna nafasi tena bila kununua kiungio cha kuongeza urefu.

Mitindo yote miwili ina faida moja inayofanana. Kwa sababu kichwa cha fremu, yaani bomba fupi la mbele linalopitisha foki, kimelala nyuma, kupandisha usukani sentimita 3 huuleta karibu nawe kwa karibu sentimita 1. Kwa hiyo jaribu kupandisha kabla ya kununua shingo fupi. Ukilazimika kununua, punguza sentimita 2 au 3 tu. Ikihitajika zaidi ya hapo ili uufikie usukani bila kujinyoosha, fremu ni ndefu kwako.

Kuna mambo mawili madogo ambayo watu huyasahau. Mikono ya breki ikitazama mbele mno au chini mno, kifundo cha mkono hukunjika. Izungushe mpaka kiganja, kifundo na mkono viwe mstari mmoja ukiishika. Na usukani mpana wa baiskeli ya milimani hutanua mabega bila sababu mjini. Sogeza vishikio na breki ndani kwanza, panda siku kadhaa, ukiridhika ndipo ukate ncha kwa msumeno wa chuma. Usianze kwa kukata.

Kama kila siku unabeba begi mgongoni, lihamishie kwenye keria kabla ya kuendelea kurekebisha chochote. Begi lenye kompyuta na chakula hukandamiza mabega na kiuno, na kupeleka uzito viganjani. Ndiyo maana matundu ya kufungia keria kwenye fremu yana thamani kubwa kwa baiskeli ya kazini.

Makalio yanauma, au msamba unakufa ganzi

Tofautisha hayo mawili. Makalio kuuma juu ya mifupa ya kukalia katika wiki za mwanzo ni kawaida, na hupungua mwili unapozoea. Ganzi ya msamba si ya kuzoea. Ukiihisi, simama juu ya pedali mara moja ili damu ipite, na utafute chanzo siku hiyohiyo.

Mara nyingi pua ya kiti imenyanyuka, au kiti ni chembamba kuliko mifupa yako hivyo unakalia nyama. Pima mifupa hiyo kwa kukalia kipande cha boksi juu ya kiti kigumu, uiname mbele kidogo, kisha upime umbali kati ya vitovu vya mabonde mawili yaliyobonyea. Kiti kinachofaa huwa kipana zaidi ya hapo kwa sentimita 2 au 3. Anayekaa wima, kama wengi waendao kazini, anahitaji kiti kipana kuliko anayeinama.

Kishawishi kikubwa ni kununua kiti kinene chenye sponji laini, au kifuniko cha kuongeza juu yake. Dukani kinapendeza kama mto wa kulalia. Baada ya nusu saa mifupa inazama, sponji iliyobaki katikati inapanda na kukandamiza palepale ulipokuwa unapakimbia. Kwa pesa kidogo, kiti cha mtumba chenye upana wako na ugumu wa wastani ni bora kuliko kipya laini. Michubuko ya mapajani mara nyingi inaletwa na mishono ya nguo, au na kiti kilicho juu kinachokufanya ucheze, na hilo tumeshaliona.

Kiuno kinauma

Rudi juu: nyonga zinazocheza, usukani wa mbali, gia nzito, begi mgongoni. Ni nadra kiuno kuwa na sababu yake peke yake.

Umerekebisha kila kitu na bado

Hapa fremu yenyewe ndiyo inayosema, na kuna dalili zinazoonekana kwa macho. Kiti kimeshuka hadi mwisho na bado kisigino hakifiki pedali: fremu ni kubwa. Umesimama juu ya bomba la juu ukiwa na viatu na hakuna hata sentimita 2 kati yake na msamba: ni kubwa, isipokuwa fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa ili iwe rahisi kupanda, ambayo kipimo hiki hakiihusu. Nguzo ya kiti imevutwa hadi mstari wa mwisho na goti bado limekunjika, au magoti yanakaribia kugonga usukani ukikata kona: ni ndogo.

Kati ya makosa mawili haya, fremu ndogo kidogo inavumilika zaidi. Unaweza kununua nguzo ndefu na shingo ya kupandisha usukani. Kwa nguzo, soma kipenyo kilichogongwa kwenye ile ya zamani, kama 27.2 au 25.4, ununue hichohicho, maana tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuifanya ikwame au iteleze. Fremu kubwa haikatwi. Iuze au ibadilishe mapema kabla hujaitia tairi mpya na taa.

Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye fremu. Mara nyingi inapima bomba linaloshika kiti, na watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Fremu zenye bomba la juu lililoinama zimeifanya namba hiyo ipoteze maana zaidi. S, M na L nazo hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Kama ipo baiskeli unayoipanda kwa raha, hata ya rafiki, pima umbali kutoka ncha ya pua ya kiti hadi katikati ya usukani na uende na kipimo hicho. Kitakusaidia kuliko namba yoyote.

Kwenye fremu ndogo zenye magurudumu makubwa, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele ukikata kona kali taratibu. Kwenye mwendo wa kawaida gurudumu haligeuki kiasi hicho. Ijue tu mapema, na ukumbuke kwamba madigadi itapunguza nafasi zaidi.

Ukiwa bado mbele ya muuzaji

Nenda na spana ya L, spana ya kawaida na futi. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya kujaribu gia na breki, omba ruhusa ya kulegeza nguzo ya kiti na kuipandisha. Baiskeli iliyokaa miaka bila kuguswa nguzo yake hushikana na fremu kwa kutu, na alumini ndani ya chuma hung'ang'ania vibaya zaidi. Nguzo isiyotoka ina maana umenunua kipimo cha mwenye baiskeli wa kwanza. Fanya vivyo hivyo na shingo ya usukani.

Kisha pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayokutana na kichwa cha fremu. Ukihisi mkunjo, uvimbe au rangi iliyopasuka kama nyuzi, iligonga kitu kwa mbele. Iache hata kama inakutosha. Pima mnyororo: pingili 12 kamili (kila moja ni jozi ya kipande cha ndani na cha nje), pini hadi pini, ni milimita 304.8 ukiwa mpya, na ukifika 307 umeisha, pengine pamoja na meno ya gia. Pandisha kiti hadi urefu wako, jaza tairi upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, kwa sababu tairi laini huifanya baiskeli nzuri ionekane nzito, na uombe kuipanda kwa angalau dakika kumi, ukisimama na kuondoka mara kadhaa. Muuzaji akikataa kiti kiguswe, nenda kwa mwingine.